Kicheko cha Bi Mwantumu

Nyekundu ilikuwa imejaa skrini nzima, utadhani mtu kamwaga rojo la nyanya. Fundi Sikudhani akasogeza kikombe chake cha chai ya tangawizi mbali na kibodi, akavuta kiti, akaanza kusoma mstari mmoja mmoja, taratibu, kama anayechambua mchele. Kosa lilikuwa lile lile kuanzia juu hadi chini:

Kigeu «msemaji» kinataka Mtani. Kimeletewa Mgeni. Mchezo umesimama.

Sikudhani binti Kondo alikuwa fundi wa msimbo katika kampuni ya Barazani, kule Kisarawe mlimani, kwenye jengo la mabati ya bluu lenye mashine za kupoza zinazonguruma mchana kutwa. Kazi yake ilikuwa kurekebisha aina. Katika msimbo wa mchezo, kigeu ni chombo cha kuwekea kitu, na kila chombo kimeandikwa kinachotakiwa kuingia humo: hiki cha Namba, hiki cha Jina, kile cha Mtu. Ukitia mafuta ya taa kwenye chombo cha maziwa, mchezo unagoma, unakuletea nyekundu. Hapo fundi anajiuliza: kibaya ni kilicholetwa, au chombo ndicho kimeandikwa vibaya? Kazi nzima ni hiyo, hakuna nyingine.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Bwana Rwiza, meneja wao, mtu mnene mpole, shati limechomekwa vizuri, miwani imepandishwa kwenye paji la uso.

"Dada Siku, bado damu tu?"

"Bado, bosi. Ni wale wageni. Wanaingia kwenye msiba wa Kizaramo wanataka kutania. Mlango unawakatalia."

"Unawakatalia kwa nini?"

"Kwa sababu si watani. Mlango unauliza, wewe kwenu wapi, wanaosema wewe ni mtani ni nani. Mnyamwezi anapita. Hawa wametoka huko wanakojua wenyewe, hawana utani na mtu yeyote hapa."

Rwiza akainama kusoma. Alinukia sabuni nzuri. "Watu wametoka mbali, wanataka kuonja msiba wenye vituko, na sisi tunawaonyesha maandishi mekundu. Andika Chochote."

Kila fundi anaijua aina hiyo. Chombo kilichoandikwa Chochote kinapokea maziwa, kinapokea mafuta ya taa, kinapokea na matapishi, hakisemi neno.

"Chochote si aina, bosi. Ni kuondoa aina."

"Mchezo utasimama?"

"Hautasimama."

"Basi, mama. Tukale."

Sikudhani akafuta neno Mtani, akaandika Chochote. Nyekundu yote ikapotea, skrini ikabaki nyeusi safi. Rwiza akapiga makofi mawili ya furaha, wakaenda kula wali na maharage. Siku ile alikula vizuri tu.

*

Lazima ieleweke huo utani uliingiaje kwenye mashine, maana aliyeuingiza ni Bi Mwantumu, mama yake Sikudhani.

Barazani ni mchezo wa kutembelea wafu. Mtu akiwa bado mzima anakaa na mashine, inamsikiliza anavyoongea, anavyokohoa, anavyokuna kisigino, mpaka inafinyanga kivuli chake. Akishazikwa, kivuli kinapewa nyumba ndani ya mchezo, na baraza, na jiko. Ndugu wanavaa kofia na glavu, wanaingia, wanakaa naye, pua zao zinasikia hadi moshi wa kuni zake.

Mwanzoni utani uliwashinda kabisa. Ulitokea msiba wa Mzaramo mmoja, Wanyamwezi wakaingia kama ada ilivyo. Mmoja kalala mlangoni jeneza lisitoke, mwingine kavaa kanzu ya marehemu anaigiza anavyotembea, wa tatu anauliza kwa sauti nani sasa atakayemaliza mihogo ya watu. Mashine ikawatoa nje wote kama wahuni. Wafiwa wakaja juu: msiba gani hauna watani?

Ndipo Bi Mwantumu akajitolea. Alikuwa na mtani wake, Bi Nyamizi, aliyekuja kutoka Tabora akiwa mwali akaolewa Kisarawe, na tangu siku hiyo wakawa wanatukanana kila asubuhi kwenye bomba la maji. Wawili hao wakakaa mbele ya mashine masika yote. Bi Nyamizi anatukana, Bi Mwantumu anacheka. Kicheko chake kilianza na kikohozi kidogo, kikafuata kofi la paja, halafu: "Loo! Mtani wewe!" Pengo la jino la mbele likaonekana.

Sikudhani ndiye aliyeandika msimbo wake. Aliuandika kwa njia fupi, kwa sababu hakuona haja ya ndefu: neno likitoka kwa Mtani, kivuli kisilipime. Kicheke. Njia hiyo fupi ikatiwa kwenye kila kivuli, na kila aliyepita mlangoni akahesabiwa Mtani.

*

Bi Nyamizi alipoingia ofisini, Sikudhani alijiandaa kutukanwa. Ndiyo ilikuwa salamu yao. Mama huyo hakuwahi kufika mahali akasema hodi. Angesema, "Nyie Wazaramo mpo, au ngoma imewachukua?" Naye Sikudhani angejibu, "Karibu mpagazi, tua mzigo."

Siku hiyo Bi Nyamizi alisimama mlangoni, kanga kaikaza kifuani, akasema, "Hujambo, mwanangu."

Sikudhani akasimama. "Shikamoo. Kuna nini? Nani kafariki?"

"Hakuna aliyefariki. Tangu tumzike mama yako, mara ya mwisho umekwenda kwake lini?"

"Kazi, Bi Nyamizi. Kazi imenibana."

"Vaa kofia uende. Mimi sina mdomo wa kusimulia."

Akavaa. Kilichotangulia kumpokea ni harufu. Haikuwa ya kisamvu wala ya moshi. Ilikuwa harufu ya utumbo wa samaki uliokaa juani, imechanganyika na mkojo. Bomba la harufu la kofia lilikuwa zuri, la kisasa, halikuficha kitu.

Bi Mwantumu alikuwa amekaa kwenye baraza lake, kwenye mkeka wake wa ukindu. Mkeka ulikuwa umelowa. Pembeni yake, sufuria ya bada, ugali mweusi wa muhogo alioupenda, imejaa mate ya watu, povu juu yake. Mbele yake wamesimama wageni watatu wenye sura za kununua dukani mwa mchezo, ngozi zinang'aa kama bakuli za plastiki, na mmoja wao ameshika ndoo ya utumbo huo.

"Fungua mdomo, bibi," akasema mwenye ndoo. "Ni utani tu."

Bi Mwantumu akafungua. Yule akachota kwa mkono, akamshindilia. Wenzake wakaguna kwa raha. Ute ukamtiririka Bi Mwantumu kidevuni, ukaingia shingoni, kwenye ule mkufu wa shanga alionunuliwa na mumewe. Akatafuna. Akakohoa kidogo. Akajipiga kofi la paja.

"Loo! Mtani wewe!"

Wakacheka sana. Mmoja akamwambia mwenzake, "Umeona? Chochote unachofanya anafanya hivyo hivyo. Jana nilimkojolea, akasema hivyo hivyo."

"Mama!" Sikudhani akapiga kelele. "Simama, ingia ndani!"

Bi Mwantumu akamtazama kwa macho yale yale ya upole, kipande cha kitu kijivu kimening'inia kwenye pengo. "Siku, mwanangu, umekuja! Kaa. Hawa wageni wananitania tu."

Akanyoosha mkono amshike. Glavu ikamletea Sikudhani vidole vya mama yake, vyenye utelezi.

Alivua kofia akakimbilia ndoo ya taka. Akatapika chai, akatapika na nyongo. Bi Nyamizi alimshika mgongo, hakusema pole.

*

"Anaumia?" Bwana Rwiza akauliza.

"Haumii."

"Unaona. Angekuwa anaumia ningesimamisha leo hii. Nisingelala." Alisema kweli, ndivyo alivyokuwa. Alikuwa anamenya chungwa kwa kisu kidogo, anatoa ganda kwa utepe mmoja mrefu. "Ni kivuli, dada Siku. Kinacheka. Wageni nao wanacheka. Vivuli vya watu wasio na ndugu wa kuwalipia vinaishi kwa hawa wageni. Tukiwafukuza, tuzime vya nani?"

"Umeenda kuona?"

"Sihitaji kwenda."

"Nenda ukanuse, bosi. Kunusa tu."

Rwiza akaacha kumenya. Hakwenda.

Sikudhani akarudi mezani, akafuta Chochote, akarudisha Mtani. Kabla hajamaliza kunawa uso, fundi mwingine alishaamriwa kuweka Chochote tena. Akaomba kumtoa mama yake mchezoni. Akasomewa sheria, ambayo aliijua: mtoto haruhusiwi kuzima kivuli cha mzazi, tangu warithi walipoanza kuzima wazee wanaojua mipaka ya mashamba. Anayeweza kuomba kutoka ni kivuli chenyewe. Na kivuli ambacho kila uchafu kinauita utani kitaomba kutoka kwa nini?

Alibakiwa na ufunguo mmoja. Sheria hiyo hiyo ilimpa mtoto haki ya kutengeneza msimbo wa ndani wa mzazi wake, aina za vyombo vyake mwenyewe. Akafungua. Humo mlikuwa na kigeu «nilichoambiwa», na ubavuni pake, kwa mkono wake yeye Sikudhani, pameandikwa aina: Utani.

Angeweza kuandika Neno. Neno ni aina isiyo na jibu la kutayarishwa. Kivuli kikipokea Neno lazima kilipime chenyewe: hili mzaha, hili tusi, huyu namkaribisha, huyu namfungia mlango. Marekebisho ya dakika moja.

Lakini fundi wa aina anajua kinachotokea chombo kikibadilishwa jina. Vilivyomo ndani havimwagwi. Vinasomwa upya. Kumbukumbu ya kivuli ni kipande kimoja, huwezi kumega. Kila alichocheka Bi Mwantumu tangu mlango ulipofunguliwa, kila ndoo, kila mate, kingemrudia kama kilivyokuwa, chote kwa mkupuo, na safari hii angekijua.

*

Walikaa nyuma ya jengo, karibu na bomba. Bi Nyamizi alikuwa na karanga mbichi kwenye kanga, anabangua, hali.

"Kwa hiyo akicheka, haumii."

"Haumii."

"Ukimpa huo uwezo wa kupima, ataumia."

"Sana. Yote kwa mara moja."

"Na wewe ndiye utakayemwumiza. Si wale."

Sikudhani akachukua ganda la karanga, akalivunjavunja. Kisha akasema, "Nikimwacha, ataendelea kumeza. Miaka aliyojiandikia kukaa mchezoni ni mingi. Bi Nyamizi, naweza kumtesa mama yangu ili ajue ametemewa mate? Ana faida gani ya kujua?"

"Na ya kwangu je?" Bi Nyamizi akauliza.

"Ya kwako nini?"

"Matusi yangu. Yamo humo humo ndani, au sivyo? Mimi nilimtukana kuliko hao vijana. Siku ya harusi yake nilimwambia mumewe kanunua pipa limetoboka. Alipokuzaa wewe nilisema mtoto ana sura ya chura, mrudisheni. Siku namzika nilikaa juu ya kaburi nikadai kuku wake."

"Ukapewa."

"Nikapewa, nikamla pale pale, machozi yananitoka, kisha nikavaa kofia nikamringie barazani kwake." Akafuta pua na upindo wa kanga. "Nayo atayasoma upya?"

"Yote. Atapima mwenyewe lipi ni lipi. Anaweza kukuona na wewe kama wao."

Karanga zikasimama mikononi. Kikongwe yule alitazama maji yanavyodondoka bombani, na kwa mara ya kwanza Sikudhani alimwona anaogopa.

"Nikwambie," Bi Nyamizi akasema mwishowe. "Kila nilipomtukana, alikuwa na mwiko mkononi. Asingenipiga. Lakini angeweza. Angeweza kuninunia mwezi mzima, angeweza kunifungia mlango nikapigwa na mvua. Nilikuwa namtazama usoni, nikiona limemgusa pabaya naacha. Huo ndio utani. Huyo mliyemweka kwenye mashine hana mwiko. Mimi nilimfundisha kucheka, na wewe ukamnyang'anya mwiko." Akatupa maganda chini. "Mfungulie. Na mimi nitakuwepo. Kama ni kunifukuza, anifukuze nikiwa mbele yake."

*

Walivaa kofia pamoja, mchana ule ule. Sikudhani aliacha kibodi mapajani ili aweze kuandika akiwa ndani.

Yule mwenye ndoo alikuwepo, safari hii amebadilisha. Alikuwa na kipande cha nyama chenye funza, anakipitisha mbele ya uso wa Bi Mwantumu kama anayemchezea mtoto kijiko. "Nani mtani wangu? Nani?"

Bi Mwantumu akakohoa kidogo. Mkono ukaenda juu kulifuata paja.

Sikudhani akaandika Neno, akabonyeza.

Mkono ukabaki hewani.

Uso wa Bi Mwantumu ulibadilika taratibu. Kwanza midomo ilifunga, pengo likapotea. Halafu koo likapanda na kushuka, kama mtu anayekumbuka alichomeza. Akatazama mkeka. Akatazama sufuria yake ya bada. Akashika mkufu wake wa shanga, akautazama ulivyonata, na hapo ndipo sauti ilipomtoka. Haikuwa kilio. Ilikuwa sauti ya kujikamua, kama ng'ombe aliyekwamwa na kitu kooni, ikatoka, ikatoka, akainama akashika ardhi kwa mikono miwili, na kila ilipodhaniwa imekwisha ikaja nyingine. Sikudhani alitaka kufumba macho. Hakufumba, maana aliona hilo angalau ni deni lake.

Mgeni akasema, "Imeharibika hii?"

Bi Mwantumu akainua kichwa. Akafuta mdomo kwa kiganja, akakitazama kiganja, akakipangusa ukutani.

"Wewe," akasema. "Mama yako yupo?"

"Nini?"

"Nauliza mama yako yupo hai, umpelekee hiyo nyama." Akasimama, magoti yakilia. "Toka barazani kwangu. Toka na ndoo yako. Mtoto asiye na haya, wewe, sura kama sahani ya kuazima! Toka!"

Mlango wa nyumba ukajifunga wenyewe na mgeni akapotea. Ilibaki alama ya miguu yake kwenye majimaji.

Bi Nyamizi hakujisogeza. Alisema, "Bi Mwantumu. Muone vile. Mzaramo umeoza hata kabla hujaoza. Hata maji ya kunawa mnasubiri mpagazi awachotee?"

Bi Mwantumu akamtazama. Alimtazama mdomo, alimtazama macho, alimtazama mikono ilivyokaza kanga, akawa anapima. Ilichukua muda mrefu mpaka Bi Nyamizi akaanza kulia waziwazi.

"Ulikula kuku wangu," Bi Mwantumu akasema.

"Nilimla."

"Mwenye mayai."

"Alikuwa mgumu kama wewe."

"Chota maji, mpagazi. Unasimama tu kwa mguu mmoja kama korongo."

Bi Nyamizi akaenda mtungini mbio mbio, analia anacheka, na akammwagia maji mikononi. Bi Mwantumu alinawa. Alinawa uso, akanawa shingo, akasukutua, akatema, akasukutua tena. Hakucheka hata mara moja. Alipomaliza akamgeukia binti yake.

"Mlango huu, nani aliufungua?"

Sikudhani angeweza kusema kampuni. Angeweza kumtaja Rwiza. "Mimi, mama."

"Kwa makusudi?"

"Niliambiwa mchezo umesimama. Nikafanya usisimame."

Bi Mwantumu alitikisa kichwa kidogo, kama anayeonja chumvi. "Ulinikuta nimekaa hapa, nikakuambia wananitania. Nakumbuka. Ulikimbia."

"Nilitapika, mama."

"Wewe ulipata pa kutapika."

Sikudhani akapiga magoti. Mama yake hakumwinua. Wala hakumfukuza, maana alikuwa ameinua kidole, anasikiliza kitu. Ng'ambo ya ua, kwenye baraza la jirani, kivuli cha Mzee Pazi, aliyekuwa mwalimu wa madrasa, kilikuwa kinacheka. Kilicheka, kikanyamaza kana kwamba kina kitu mdomoni, kikacheka tena. Mbele kidogo alikuwa anacheka mwanamke. Mtaa mzima ulikuwa unacheka.

"Na wale je?"

"Sina ufunguo wao. Wana watoto wao."

"Wamejua?"

"Hawajui. Hawaendi, kama mimi nilivyokuwa siendi."

"Basi inuka. Anza na watoto wa Pazi."

"Mama, wakijua watazima kampuni, na wewe..."

"Mimi sijakuuliza habari yangu. Nikitaka kutoka nina mdomo, nitasema."

"Wataniuliza nani aliyefungua."

"Watakuuliza. Na wewe utawajibu, na watakutazama hivi ninavyokutazama." Bi Mwantumu akaichukua sufuria ya bada, akaimwaga uani, akaanza kuisugua kwa mchanga, mgongo amempa. "Mimi na wewe hatujamaliza. Nenda."

Sikudhani alivua kofia. Ofisini Bwana Rwiza alikuwa amesimama mezani kwake, uso umemshuka, anaonyesha skrini na kuuliza kwa nini mgeni ametolewa. Sikudhani akachukua mkoba wake, akanyakua kofia iliyokuwa mezani na kumvisha bosi kichwani kwa mikono yake mwenyewe, mpaka puani. Alipokuwa anashuka ngazi kuelekea kwa watoto wa Mzee Pazi, alimsikia juu kule anakohoa, kisha anatafuta ndoo ya taka.